HICHO KICHWA SI MALARIA (Sehemu ya 4)

Mama zangu na dada zangu, leo naandika kwa ukali kidogo, mnivumilie.

Mumeo katoka duarani Nyarugusu, kichwa kinamuuma wiki ya pili. Kameza dawa ya malaria, kameza Panadol, kachomwa sindano duka la dawa. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Sasa anatapika, anaona vitu viwili viwili, anaongea ovyo, na ndugu wameshaita mganga. Kama ana VVU na aliacha dawa (dhahabu ikisikika kwingine, kadi ya CTC inabaki Kahama), mpeleke hospitali LEO. Huenda ni fangasi wa ubongo, kriptokokasi. Wanaishi kwenye udongo na kinyesi cha ndege, tunawavuta wote. Wanapanda kichwani kinga ikishuka sana. Ulizieni kipimo chao: damu kidogo tu, majibu dakika kumi.

Mkiambiwa atolewe maji ya mgongo, msikatae! Nimechoka kusikia "yatampoozesha". Kinachoua ni fangasi na presha ya maji kichwani, na kuyatoa ndiko kunakoishusha. Mgonjwa analetwa amechelewa, anafariki, lawama inabebwa na sindano.

Na kama ubongo umeshaingiwa, msikubali kurudi nyumbani na flukonazoli peke yake. Ni dhaifu. Dawa zichanganywe: dripu moja kubwa ya amfoterisini (ile isiyoumiza figo sana), pamoja na flusitosini na flukonazoli wiki mbili. Ndivyo WHO walivyoelekeza 2022, baada ya utafiti wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo. Hata kwa dawa hizo karibu robo walifariki ndani ya wiki kumi, sasa fikiria anayepewa moja. Utafiti mwingine wa kuchanganya dawa hizi, wa 2018, ulikuwa na wagonjwa wa Tanzania. Watu wetu walijitolea miili yao jibu lipatikane. Dawa nazo zifike Geita na Shinyanga, zisiishie miji mikubwa! Mkiambiwa hazipo, daini rufaa ya Bugando siku hiyohiyo.

La mwisho, hapa hata wenye nia njema wanaharibu. Aliyeacha ARV msimrudishie wenyewe kwa huruma. Zinasubiri wiki nne hadi sita tangu aanze dawa za fangasi, maana kinga ikirudi ghafla ubongo unavimba. Siku anaitaja daktari. Ambaye hakuacha, naye msimwachishe.

Sehemu ya 5 ni septrini, na kwa nini mnazitupa.