Aiskrimu Haitaki Safari

Katika miji yetu ya pwani imeingia desturi ambayo, kwa rai yangu, haifai kunyamaziwa, nayo ni ya baadhi ya wenye maduka ya aiskrimu na faluda kuondoa viti na kuweka mahali pake kaunta ya kuchukulia vikopo vya plastiki, kana kwamba mtu ajaye na jamaa zake baada ya sala ya Isha amefuata sukari na baridi tu, wala hana haja nyingine.

Aijuaye Mombasa usiku wa Idi ataelewa nisemayo. Huingia dukani ukoo mzima kwa mpigo, bibi mbele na mkongojo wake, watoto na kanzu mpya zilizokwisha kuchafuka, mashangazi nyuma. Na watu wa meza ya pembeni, wasiowajua hata kwa sura, husogea bila kuombwa ili ajuza apate kukaa. Mmoja huagiza kwa niaba ya wote, huyu kulfi, yule aiskrimu ya embe, na aghalabu ni faluda, ijayo katika bilauri ndefu, sharubati ya waridi chini, maziwa juu yake, kisha tambi laini na mbegu za mrehani zilizorowekwa hata kila moja ikajivika ute, na tonge la aiskrimu likielea juu. Na mtoto ambaye mkono wake haujafikia hupiga magoti juu ya benchi ili kijiko kipate kugusa ule wekundu wa chini.

Kitu cha namna hiyo hakikutengenezwa kipelekwe mbali. Aiskrimu ni maziwa yaliyopigwa hata yakashika hewa pamoja na chembe ndogo mno za barafu. Ikiyeyuka njiani na kurudishwa kwenye friji, hewa hutoka, chembe hukua, na ulimi hukutana na changarawe.

Nchini Kuba, mwaka 1966, serikali ilijenga jijini Havana, mtaa wa Vedado, duka la aiskrimu liitwalo Coppelia, kwa ramani ya msanifu Mario Girona, lenye nafasi ya watu wapatao 1,000 kwa wakati mmoja. Foleni yake ni mashuhuri kwa urefu, na wasiojuana huketishwa meza moja. Ladha nyingi za siku za mwanzo zimeadimika, na uchumi wa nchi ile una dhiki zake, lakini walioamuru lijengwe hivyo walikiweka kiti katika hesabu ya aiskrimu yenyewe.

Mwenye duka naye ana hoja, tena ya haki: analipa kodi ya pango, na kundi la watu wanane huweza kushika meza usiku kucha kwa bilauri mbili. Basi sisi tuendao kwa makundi tuwe na insafu. Tuagize kwa pamoja, asitangulizwe mtu kuzuia viti vitupu ilhali wazee wamesimama, na tukimaliza tuinuke, mazungumzo yaliyobaki tuyahamishie kwenye ufukwe wa Mama Ngina, huko huko Mombasa. Naye, kwa upande wake, arudishe walau benchi moja refu la mbao ukutani, ambalo halili nafasi kubwa, na katika usiku wa Idi aombe idhini ya kutandika mikeka barazani.