Unaolewa Ufaransa? Uliza Haya Kabla ya Kuchagua Ukumbi



Wiki iliyopita alikuja dukani kwangu mwari na mama yake. Wanataka nguo nne: ya nikah, ya kupambwa, ya ukumbini na ya kuondokea. Nikauliza anaondokea wapi. Mama akajibu kwa furaha: "Ufaransa!" Nikauliza mji gani. Wakatazamana, hakuna aliyejua.

Nilinyamaza nikaendelea kupima, lakini usiku sikulala. Binti yule ni mimi wa miaka kumi iliyopita.

Mimi nilipelekwa Rennes, mji wa magharibi ya Ufaransa, mbali na Paris. Begini nilikuwa na doti za kanga, udi na viatu vya wazi. Koti sikuwa nalo, na Kifaransa nilijua salamu tu. Nilikuta mvua za rasharasha, baridi, na Jumapili maduka mengi yamefungwa. Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi na moja na robo jioni. Juni Magharibi inaingia baada ya saa nne usiku. Mume akienda kazini, nabaki na kuta nne. Hakuna jirani wa kukuletea sahani ya futari. Nililia miezi mitatu, na nyumbani nikipiga simu nasema, "Alhamdulillah, sijambo."

Sisemi msiolewe huko. Rennes ilinifundisha mengi, na watu wake si wabaya. Ninachosema ni kwamba wazee wetu wanakaa barazani kujadili mahari na idadi ya wageni, lakini maisha ya binti baada ya uwanja wa ndege hayajadiliwi. Hapo tunakosea.

Kwanza, ulizeni karatasi. Ufaransa nikah peke yake haitambuliwi na sheria. Ikiwa ndoa inafungwa kule, lazima mwanzo mfunge ya serikali kwenye ofisi ya meya, ndipo ya dini. Ikiwa inafungwa hapa kwetu, cheti kisajiliwe na kitafsiriwe Kifaransa na mfasiri anayetambuliwa. Mwanamke mwenye nikah tu, siku mambo yakiharibika, mbele ya sheria ya kule ni kama hakuolewa. Na ukifika na viza ya muda mrefu, kuna ya aina ambayo lazima uithibitishe kwa intaneti ndani ya miezi 3. Usimwachie mume peke yake. Jua mwenyewe, na pasipoti yako ikae mkononi mwako.

Pili, stara. Hijabu barabarani, sokoni na chuo kikuu haina tatizo. Niqabu imekatazwa hadharani kwa sheria ya 2010. Skuli za serikali zinakataza hijabu kwa wanafunzi tangu 2004, na mtumishi wa serikali haivai kazini. Picha ya kibali cha kuishi hupigwa kichwa wazi. Mimi nililijua hilo nikiwa nimeshasimama mbele ya kamera, na machozi yalinitoka. Bora ulijue leo, uamue kwa moyo mtulivu.

Tatu, lugha na kazi ya mkono. Anza Kifaransa siku ya posa, usisubiri siku ya ndege. Mimi niliokolewa na cherahani. Jirani mmoja aliniona nashona dirishani, akaniletea suruali nimkunjie pindo. Akaja na mwenzake. Kwa pindo za suruali nilijifunza kuhesabu, kuongea na kucheka. Jumamosi nikawa naenda soko la Lices, muuza samaki ananiita kwa jina. Nikajifunza pia kwamba ile chapati yao ya unga mweusi, galette, inalika vizuri kwa yai na jibini, ila soseji wanayoifunga ndani kwa kawaida ni ya nguruwe. Uliza kabla hujala!

Kuna watakaosema kuuliza sana ni kumtilia mume shaka. Hapana, dada zangu. Nikah ni mkataba, na Mtume (S.A.W) ametuhimiza sana kutimiza masharti ya ndoa. Mwanamume mwenye nia njema hataogopa kuulizwa anaishi mji gani, nyumba ya vyumba vingapi, utasomea wapi lugha, na nani atalipa tiketi ya kuja kumwona mama. Anayekasirika kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Yule mwari atarudi Jumamosi kujaribu gauni la nikah. Nguo ya kuondokea sijaikata bado. Nataka kumshauri tuigeuze iwe koti refu la sufi lenye bitana nzito, na nitamuuliza tena, mbele ya mama yake: mwanangu, mji gani?

Wabillahi tawfiq.