Moto wa Nyika na Nyumba Zetu

Nina neno juu ya jambo ambalo kila mwaka hutugharimu fedha na machozi. Neno lenyewe ni hili: nyumba tunazojenga nyumbani kwa mishahara yetu huungua wakati wa kiangazi, nasi hatuulizi kwa nini.

Desturi yetu yajulikana. Majani yakisha kukauka, mwezi wa Agosti au Septemba, mwenzetu mmoja hupata habari ya kuwa moto wa nyika umekula nyumba yake. Siku ya pili karatasi ya mchango hupita meza kwa meza, kila mtu huandika jina lake na kiasi alichojaliwa, na mwisho husemwa, "Ni amri ya Mungu." Mchango ni jambo jema, wala sitaki uachwe. Lakini neno lile la mwisho ndilo ninalolikataa. Mtu aliyeacha mlango wazi akaibiwa haimpasi kumsingizia Mungu.

Wengi wetu twadhani ya kuwa moto huja kama ukuta mrefu wa ndimi, ukaivamia nyumba na kuimeza, nguvu ya binadamu isifae kitu. Ingekuwa hivyo, kuirekebisha nyumba kungekuwa kazi bure. Walakini wataalamu waliolichungua jambo hili wameona kinyume chake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Bwana Jack Cohen wa Idara ya Misitu ya Marekani alisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu huko kaskazini ya Kanada, kisha msitu ule ukatiwa moto kwa makusudi. Kuta zilizokuwa umbali wa meta 10 pengine zilishika moto, pengine ziliungua juu juu tu. Zilizokuwa umbali wa meta 20 na 30 hazikuwaka, ijapokuwa moto ulikuwa ukiruka katika vilele vya miti. Basi ikiwa ukuta wa mbao huokoka kwa meta 20 mbele ya msitu uwakao, ni kitu gani kiiunguzacho nyumba ya matofali na bati iliyo mbali na nyika?

Jibu ni cheche. Upepo huchukua vipande vya magome na makaa madogo, ukavitupa mbele ya moto, pengine kilometa nzima na zaidi. Cheche mia huanguka juu ya udongo mtupu zikazimika. Ya mia na moja huangukia rundo la kuni, au nyasi za upenu, au huingia katika tundu lililo chini ya bati. Hapo hukaa kimya ikifuka, mpaka watu wamekwisha kwenda zao wakisema moto umezimika.

Haya sikuyajua kwa kusoma kwanza. Niliyajua kwa hasara. Mwaka 2021, mwezi wa Septemba, nyumba niliyomjengea mama yangu iliungua. Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati juu, nami nalijivuna kwayo. Mama alikuwa amelalamika ya kuwa bati lina joto, nami nikamwongezea upenu wa nyasi upande wa mashariki apate kivuli. Chini ya upenu ule zilipangwa kuni za mwaka mzima, na ua wa mabua ulikuja ukagusa nguzo yake. Siku ya moto, vijana wa kijiji walitoka na matawi mabichi, wakaupiga moto mpaka ukafa kwenye njia ya ng'ombe, hatua zaidi ya mia mbili kutoka nyumbani. Watu wakaenda kunywa maji. Kabla hawajaweka kata chini, moshi ukaonekana juu ya upenu. Mama alikuwa kisimani, kwa hiyo twamshukuru Mungu. Lakini magunia ya mahindi, masanduku ya nguo, na hati zote alizoziacha marehemu baba ziliteketea.

Nilipopewa likizo nikaenda, nilikwenda na hasira. Mrina asali mmoja alikuwa amekiri kuwa moto ulimtoka mkononi, na baraza la kijiji likamtoza mbuzi wawili, nami nikawapokea. Jioni ile nilizunguka magofu yangu. Nikaona ajabu: baina ya njia ya ng'ombe na nyumba, majani makavu yalikuwa yamesimama vilevile, hayakuungua hata jani. Moto haukutembea kuja kwangu. Uliruka, ukatafuta mahali pa kulala, nami mwenyewe ndiye niliyeutandikia kitanda. Asubuhi nilimrudishia mzee yule mbuzi mmoja. Hakusema neno. Nami sikuwa na neno la kumwambia mama, maana ni yeye aliyetaka kivuli, lakini ni mimi niliyesoma shule.

Yaliyonipata mimi yamewapata na wakubwa kuliko mimi. Tarehe 8 Agosti 2023 mji wa Lahaina, katika visiwa vya Hawaii, uliungua kwa moto ulioanzia majanini ukasukumwa na upepo mkali. Watu wapatao 100 walikufa, na majengo zaidi ya 2,000 yaliungua au yaliharibika. Katika mtaa mmoja wa pwani ilibaki nyumba moja ya mbao, ya zamani sana, yenye paa jekundu, imesimama katikati ya majivu. Wenyewe walikuwa wameirekebisha si zamani: waliondoa paa la lami wakaezeka bati zito, wakang'oa mimea iliyoegemea kuta, wakatandaza mawe ya mtoni kuizunguka nyumba. Tena hawakuyafanya hayo kwa kuogopa moto. Mawe yale yalikuwa kwa ajili ya mchwa! Nani kati yetu asiyejua mchwa?

Kadhalika katika jimbo la California kuna sheria ya ujenzi, iliyoanza mwaka 2008, ipasayo nyumba mpya za mahali penye hatari ya moto: paa lisiloshika moto, matundu ya hewa yaliyozibwa kwa wavu, na mengine kama hayo. Mwaka 2018 mji wa Paradise uliungua, wakafa watu 85, na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Hata katika maangamizi yale, nyumba zilizojengwa baada ya sheria ile ziliokoka kwa sehemu kubwa kuliko zile za zamani. Si zote, la, maana hakuna nyumba isiyoweza kuungua. Lakini tofauti ilionekana.

Wala tusidhani ya kuwa elimu hii ni ya wageni tu. Wazee wa Ugogo walijenga tembe, paa lake ni miti iliyofunikwa kwa udongo. Cheche ikianguka pale itakula nini? Bibi zetu waliufagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo ukang'aa, na leo wataalamu wanatuambia tuache futi 5 kutoka ukutani bila kitu chochote kinachoweza kuwaka. Ni uwanja uleule wa bibi. Sisi tuliosoma ndio tuliopanda majani na maua mpaka chini ya dirisha, kwa kuwa tumeyaona katika nyumba za mabwana wakubwa mijini.

Basi ya kufanya ni haya, nami nayapanga kwa gharama yake. Ya kwanza hayataki fedha. Futi 5 kuizunguka nyumba ziwe udongo mtupu, mawe au changarawe. Kuni zihamishwe, zikae futi 30 mbali wakati wote wa kiangazi. Ua wa mabua usiguse nyumba. Sehemu ya mwisho iliyo karibu na ukuta iwe ya matofali, au iachwe wazi. Majani yakatwe mafupi hata kufikia futi 30, na zaidi kama nyumba iko juu ya mteremko, kwa sababu moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyotembea katika uwanda. Miti ya kivuli yaweza kubaki, ila matawi ya chini na yale yaliyolala juu ya paa yakatwe. Mifereji ya kukingia maji ya mvua isafishwe majani makavu kabla ya upepo wa Agosti.

Ya pili yataka fedha kidogo. Tazama mahali bati linapokutana na ukuta: kila bonde la bati ni mlango wa cheche. Mlango huo huzibwa kwa saruji, na asiye na saruji atumie udongo, nao hauwaki. Matundu ya hewa yafungwe wavu wa waya ambao matundu yake hayazidi thumuni ya inchi. Uwe wa madini. Ule wa nailoni huyeyuka kwa joto, ukafungua njia.

Ya tatu ni ya fundi. Upenu wa nyasi uondolewe, uezekwe bati au vigae. Mbao za ukingo wa paa zilizo wazi kwa chini zifunikwe. Madirisha yapate vibao imara vya kufunga kwa nje, maana kioo hupasuka kwa joto, na dirisha lililopasuka hukaribisha cheche mpaka kitandani. Na anayetaka baridi ndani, ambayo mama yangu aliitaka kwa haki, apige dari chini ya bati wala asitundike nyasi ukutani.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema, "Mshahara hautoshi." Nami namuuliza: nguzo mbili za mapambo mbele ya baraza zilitoka katika mshahara gani? Twaanza na sura ya nyumba kwa kuwa wageni huitazama sura. Cheche haitazami sura. Wa pili atasema, "Nikitengeneza yangu, na jirani asitengeneze yake, faida ni nini?" Neno hili lina nguvu kuliko la kwanza. Nyumba iwakayo hutoa joto kwa muda mrefu, kuliko majani yapitayo kwa dakika chache, na nyumba zikikaribiana huambukizana. Wazee walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hiyo ndiyo sababu yapasa tuyapeleke maneno haya katika baraza za vijiji vyetu, tusiyafiche katika karatasi ya makarani. Lakini mtu hawezi kumhubiria jirani hali kuni zake mwenyewe zimeegemea ukuta.

Sasa nakuja kwa chama chetu. Natoa shauri ya kwamba katika fedha za maafa itengwe sehemu, hata ikiwa ndogo, ya kuwakopesha wanachama kabla ya moto, kwa kununua wavu, saruji na bati la upenu, nao walipe kidogo kidogo kila mwezi. Mweka hazina ataniambia ya kuwa mfuko ni wa walioungua, na tukiugawa hawatapata kitu. Hofu yake ni ya haki. Kwa hiyo nasema sehemu ndogo, tena mkopo wala si zawadi, ili fedha irudi. Lakini na afanye hesabu yeye mwenyewe: fedha ya nyumba moja iliyoungua yaweza kuziba mabati ya nyumba ngapi? Tena naomba kila mwanachama aliyeunguliwa aandike katika gazeti hili moto ulianzia wapi katika nyumba yake. Mimi nimeanza. Haya si ya kupendeza kuyaandika, lakini karani aliyekosea hesabu hulipata kosa lake kwa kurudi mstari kwa mstari. Hafuti ukurasa mzima akasema ni amri ya Mungu.

Nyumba ya mama imejengwa tena, mahali palepale. Mawe tuliyachukua mtoni, na mabonde ya bati niliyaziba kwa mkono wangu. Yule mzee mrina asali alikuja kusaidia kubeba mawe, ingawa hakuitwa. Kuni zipo mbali, na mama hunung'unika kila asubuhi kwa sababu ya mwendo ule. Na anung'unike. Napenda kusikia kunung'unika kwake kuliko kuiona tena karatasi ya mchango ikipita meza kwa meza, jina langu likiwa juu.

Ni mimi, karani mwenzenu.