Nimefika Muscat, Mombasa Bado

Niseme ukweli hata kama mtanicheka. Nimezaliwa Nairobi, nimelelewa Kayole. Bahari ya kwanza kuiona kwa macho yangu ilikuwa ya Dubai. Ya pili ilikuwa ya Muscat, Oman. Ya kwetu sijawahi kuiona hadi leo.

Ile video ya Muscat mliipenda sana. Wasee wakaniambia nimeomoka. Leo nawaambia kitu ambacho sikuweka kwenye video.

Kwanza, hiyo safari haikuwa ya mtu tajiri. Nafanya kazi dukani Dubai, napumzika siku moja kwa wiki. Ili nipate siku mbili zikifuatana ilibidi nibadilishane zamu na mwenzangu, na bado nina deni lake. Tukapanda basi usiku. Dubai hadi Muscat ni kama kilomita 450, masaa sita hivi ukijumlisha mpaka, mahali mnashuka wote na usingizi machoni, paspoti zinagongwa, mizigo inakaguliwa. Viza nayo niliitafuta wiki mbili mapema.

Muscat ni mji mtulivu. Hakuna maghorofa ya kukuvunja shingo kama Dubai. Nyumba ni nyeupe na fupi, milima mikavu nyuma, bahari mbele. Pale Muttrah kuna njia ndefu ya kutembea kando ya maji, na ukiendelea unaona chetezo kikubwa cheupe kimejengwa juu ya kilima. Nilipiga picha zaidi ya mia mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale, kupiga picha.

Halafu nikaingia soko la Muttrah. Nilikuwa nikijirekodi, naongea na simu kwa Kiswahili changu cha mtaa, mzee mmoja anayeuza ubani akaniita. "Mwanangu, watoka wapi?"

Nikashtuka. Hicho hakikuwa Kiswahili cha kuokoteza cha kuuzia wateja. Kilikuwa cha pwani, laini, kinachofanya changu kisikike kama cha makanga akiitisha nauli. Nikamwambia niaje mzee. Akanyamaza, akanitazama. Ilinichukua muda kuelewa anangoja shikamoo.

"Kenya," nikasema. "Nairobi."

"Aa, bara," akasema. "Na Mombasa wapajua? Mamangu kazaliwa Kibokoni."

Hapo ningesema ukweli. Nikasema, "Ndio, napajua sana."

Uso wake ukafunguka. "Kahawa bado yauzwa pale barazani jioni?"

"Bado," nikasema.

Akacheka kwa furaha, akafunga ubani kidogo kwenye karatasi, akakataa pesa. "Mpelekee mamako afukize nyumba."

Mazee, mimi hutengeneza video. Kuongeza chumvi ni sehemu ya hii kazi, sitajifanya malaika. Lakini huo uongo uliniuma roho hadi kwenye basi la kurudi. Mzee ananiuliza habari za kwao, na kwao ni nchini kwangu, na mimi namuuzia hewa.

Baadaye nilifuatilia kwa nini anaongea hivyo. Waomani walitawala Zanzibar na sehemu kubwa ya pwani yetu, wengi wakahamia huko, wakaoa, wakazaa. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar 1964 wengi walikimbia, na Sultan Qaboos aliposhika uongozi 1970 familia nyingi zikarudi Oman na Kiswahili chao mdomoni. Hata zile ngome mbili za bandari ya Muscat, Al Jalali na Al Mirani, zilijengwa na Wareno miaka ya 1580. Wareno haohao wakaanza kujenga Fort Jesus 1593. Waomani waliwatoa Muscat 1650, na 1698 wakaiteka Fort Jesus baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mambo ya Fort Jesus tulisoma shuleni. Nilipata alama, nikasahau.

Sasa maoni yangu ni haya. Sisi vijana wa Nairobi tumefanya bahari ya majuu kuwa cheo, na ya kwetu tumeiachia watalii. Na hata wanaofika Mombasa, wengi wanazijua klabu za Mtwapa kuliko Mji wa Kale. Ukienda Dubai umeomoka. Ukienda Mombasa, ulienda tu.

Najua utaniambia Mombasa ni pesa. Ni kweli. SGR siti ya bei ya chini ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kwenda na kurudi ni 3,000, na bado hujala wala kulala. Kuna nyumba nyingi Kayole ambapo hiyo ni chakula cha siku nyingi. Huyo simlaumu, na yeyote anayemcheka hajui maisha.

Nazungumzia sisi ambao pesa ilipatikana. Mimi ukoo mzima ulinichangia hela za ajenti na tiketi ya ndege. Mama mdogo alikopa chama. Si vibaya, nilikuwa nimeacha chuo na nilihitaji kazi. Lakini katika miaka yote hiyo, hakuna hata mtu mmoja nyumbani aliyewahi kusema, jamani, tuchange tukaone Mombasa. Mimi pia sikuwahi kusema. Umbali ni karibu ule ule wa Dubai na Muscat, masaa karibu yale yale, na hakuna anayekuomba paspoti Mtito Andei.

Msinielewe vibaya. Tembeeni. Ukipata wikendi popote ulipo, panda basi, ona mji, piga picha, ringa kidogo. Nitarudi Muscat nikiweza. Lakini kuna aibu ya kufika kwa watu ukiulizwa habari za kwenu huna, na hiyo aibu hakuna picha inayoificha.

Ule ubani bado uko kwenye begi, haujafunguliwa. Likizo yangu ni Desemba. Nitashuka Nairobi, nimpe mama aufukize, halafu nipande treni hadi Mombasa, niulize njia ya Kibokoni kwa shikamoo, kama mtu aliyefunzwa.

Na nyinyi wa Mombasa mnaosoma hii, msiniambie kama kahawa bado inauzwa pale. Nataka nikaone mwenyewe, ndio siku nikirudi Muttrah nimwambie yule mzee ukweli.