Mbatata za Molo



Majuzi tulikuwa uani katika nyumba ya arusi hapa Mombasa, wanawake zaidi ya kumi, visu mkononi, tukimenya mbatata za biriani. Magunia yalikuwa yametoka soko la Kongowea, na kijana aliyeyaleta alitueleza kwamba mzigo ule ulipakiwa lorini huko Molo. Kusikia jina hilo, mama mmoja mwenye heshima zake akasema: "Molo! Huko ndiko wachinjanako kila uchaguzi. Watu wa bara, ugomvi umo katika damu yao." Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nasi tulinyamaza, kwa kuchelea kumkatiza mtu mzima siku ya furaha. Kunyamaza kule kumetukera tangu siku hiyo, na ndiko kulikotufanya tuandike haya.

Atakaye kuwajua watu wa Nakuru na aanze na ardhi yao. Mji umekaa katika sakafu ya Bonde la Ufa, mita 1,850 hivi juu ya bahari, na nyuma yake limesimama kasoko la Menengai. Udongo ni wa volkeno, wenye rutuba. Ukipanda magharibi kuelekea msitu wa Mau wafika Molo, ambako baridi na mvua huneemesha mbatata na pareto. Chini bondeni kuna majani ya malisho na maziwa: Naivasha la maji matamu, Elmenteita na Nakuru ya maji ya magadi. Kwa muda mrefu malisho hayo yalikuwa ya Wamasai. Wazee wetu wa pwani walilijua hilo vyema, kwani misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Baringo ilipita humo, nayo ililipa hongo ndipo ipishwe njia. Jumbe Kimemeta wa Pangani, aliyefuatana na Mskoti Joseph Thomson katika safari ya mwaka 1883, alikuwa mmoja wa waliozijua njia hizo.

Kisha ikaja reli. Ilianzwa hapa kwetu mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwaka uliofuata. Iliwagharimu Waingereza zaidi ya pauni milioni 5, na treni isiyo na mizigo hailipi deni. Basi wakaleta walowezi walime mazao ya kusafirishwa. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamasai walitolewa bondeni, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Na mwaka 1911 ukaandikwa mkataba mwingine wa kuwatoa huko Laikipia pia. Lord Delamere alipewa eka 100,000 huko Njoro. Kondoo wake wakafa, ngano yake ikashikwa na ugonjwa wa kutu, hata akalazimika kumwajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu istahimiliyo. (Hadi leo Njoro ina kituo ambacho nchi nyingi hupeleka mbegu zao za ngano kupimwa dhidi ya ugonjwa huo. Tukumbuke tukandapo unga wa mahamri.)

Eka zote hizo zingelimwa na nani? Walikuja Wakikuyu, wengi wao wakiwa wamepungukiwa na ardhi kwao kwa kuwa nayo ilitwaliwa na walowezi. Wakaja Wakipsigis, Waluo, Waluhya. Waliitwa maskwota. Mtu alipewa kipande cha kulima na kulisha mifugo yake, naye kwa sheria ya mwaka 1918 akamfanyia mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Watoto wakazaliwa hapo, wajukuu wakazaliwa hapo, wala hapana hata mmoja aliyekuwa na karatasi.

Uhuru ulipokaribia, kuanzia mwaka 1962, serikali ilianza kununua mashamba ya walowezi kwa fedha za mkopo na kuwauzia Waafrika. Aliyekuwa na akiba alinunua, na wasiokuwa nayo ya kutosha walichanga katika vyama na makampuni ya kununulia ardhi. Sasa fikirini shamba moja tu. Yuko ambaye babu yake alilisha ng'ombe hapo kabla ya mkataba wa 1904. Yuko ambaye babu yake alililima miaka arobaini kama skwota. Na yuko aliyelinunua kwa fedha halali, na stakabadhi anayo. Kila mmoja akisema "hapa ni kwetu", hasemi uongo. Pengine makabila yao ni matatu, na hapo ndipo mwanasiasa alipopata kuni zake. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, Molo iliungua mwaka 1992, na moto ukarudi tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Safari hiyo walikufa watu zaidi ya 1,100 nchini, na mamia ya maelfu wakakimbia makwao.

Naivasha nako kuna habari yake. Mashamba ya maua kandokando ya ziwa yamewavuta vijana kutoka kila pembe ya Kenya, wanawake wengi miongoni mwao, wanaokata na kufunga mawaridi ya kuuzwa Ulaya na kulala katika vyumba vya kupanga vya Karagita. Hawa hawagombei shamba la babu. Walichokifuata ni mshahara. Hata hivyo, Januari 2008 waliwindwa chumba kwa chumba kwa sababu ya majina yao.

Na sasa maji nayo yameingia katika shauri hili. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya bonde yamekuwa yakipanda. Ziwa Nakuru limevuka mipaka yake, magadi yake yakazimuka, na heroe wengi wakahamia Bogoria kutafuta chakula. Ndege ana mbawa. Watu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, ambao nyumba zao ziliingiliwa na ziwa mwaka 2020, walilazimika kutafuta pa kukaa katika ardhi ambayo tayari ina wenyewe.

Tukirudi kwenye maneno ya damu, kuna jambo ambalo hatupendi kulikumbuka. Agosti 1997, Likoni, ng'ambo tu ya feri, watu wa bara walishambuliwa na kufukuzwa majumbani mwao. Je, ilikuwa damu ya watu wa pwani? Au ni ile sheria ya ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwayo ardhi isiyoandikishwa ilihesabiwa kuwa ya serikali, na familia nyingi za Waswahili na Wamijikenda zikageuka maskwota penye makaburi ya wazee wao? Aliyewahi kuambiwa ahame penye mnazi aliopanda babu yake angalau ajue Mmasai na skwota wa Njoro waliambiwa nini.

Juma lililofuata tulikwenda kumwamkia yule mama nyumbani kwake, tukamsimulia haya yote, tangu mkataba wa 1904 hadi vyumba vya Karagita. Alisikiliza asitukatize. Tulipomaliza alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Wanangu, na lile shamba letu la Kilifi, hivi karatasi zake anazo nani?"