Pedi za Breki ni Suala la Afya ya Jamii

Katika mijadala ya afya ya jamii nchini, ajali za barabarani hutajwa pamoja na mwendokasi, ulevi na kofia ngumu za waendesha bodaboda. Hali ya chombo chenyewe hutajwa mwishoni, tena kwa ufupi, kana kwamba ni jambo la mafundi peke yao. Mtazamo huo una kasoro. Pedi ya breki iliyolika hadi chuma inastahili kuhesabiwa miongoni mwa visababishi vya ulemavu na vifo, na kuibadilisha kwa wakati ni kinga, sawa na chanjo au chandarua.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walifariki kutokana na ajali za barabarani mwaka 2021. Wakazi wa Arusha, hata hivyo, hawahitaji mifano ya mbali. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni, katika barabara kuu ya Arusha–Namanga, lori lililoelezwa kuwa lilifeli breki liligonga magari mengine matatu. Watu 25 walipoteza maisha na 21 walijeruhiwa. Mfumo wa breki wa lori si sawa na wa gari dogo, lakini kanuni ni ile ile: mwendo hauishi mpaka ugeuzwe kuwa joto, na joto hilo lazima lipokewe na kitu.

Katika magurudumu ya mbele ya gari dogo, kitu hicho ni pedi na diski. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, na pedi mbili huibana diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Kwa kuwa gari linapopunguza mwendo uzito wake huelemea mbele, breki za mbele hufanya sehemu kubwa ya kazi. Jiji la Arusha liko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na makazi ya Ilboru, Sekei na Ng'iresi yamepanda miinuko ya Mlima Meru. Gari linaloshuka kutoka huko kila asubuhi hutegemea breki sehemu kubwa ya njia, huku vumbi la kiangazi na tope la masika vikiongeza msuguano. Idadi ya kilomita iliyokadiriwa kwa barabara tambarare haiwezi kuwa mwongozo wa kutosha hapa. Pedi haina budi kutazamwa kwa macho.

Pedi nyingi mpya huwa na nyama yenye unene wa takribani milimita 10. Ikibaki milimita 3, wakati wake umekwisha. Baadhi zina kibati kinachopiga kelele zinapokaribia mwisho. Kusubiri kelele hiyo ni sawa na mgonjwa wa shinikizo la damu kusubiri kiharusi ndipo aanze dawa. Pedi hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja, kwa maana gari lenye pedi mpya upande mmoja huweza kuvuta upande linapofungwa breki ghafla. Fundi makini hulaza gari juu ya stendi imara wala haamini jeki peke yake. Haachi kalipa ining'inie kwenye mpira wa mafuta. Husafisha pini zake, hukagua diski, kisha hukanyaga pedali mara kadhaa hadi ikaze kabla gari halijasogea. Hatua hiyo ya mwisho ikisahaulika, pedali huweza kuzama hadi sakafuni pale breki inapohitajika kwa mara ya kwanza. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakizeeka huchemka kwa joto dogo zaidi, na mteremko mrefu ndio huufichua udhaifu huo.

Kuna mtu mwingine ambaye afya yake husahaulika: fundi mwenyewe. Katika gereji nyingi za mitaani vumbi jeusi la breki hupulizwa kwa hewa ya kompresa, na mara nyingine kwa mdomo. Kwa miongo mingi pedi zilitengenezwa kwa asbestosi, madini ambayo aina zake zote zimethibitishwa kusababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Nchi nyingi zimeyapiga marufuku, lakini macho hayawezi kutambua kama pedi isiyo na maelezo ya mtengenezaji inayo au haina. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, wakati kijana aliyepuliza vumbi ameshakuwa babu na hakuna anayeuhusisha na gereji. Hata pasipo asbestosi, vumbi hilo lina chembe za metali zisizofaa kuvutwa. Kinga yake ni ndoo ya maji yenye sabuni, kitambaa kilicholoweshwa, na barakoa inayobana vizuri usoni.

Itasemwa kwamba mwenye daladala au Noah ya biashara hana fedha za kubadilisha pedi mara kwa mara. Hoja hiyo ina uzito, lakini hesabu yake imeishia nusu. Mvunjiko mmoja wa paja humaanisha upasuaji, miezi bila kipato na familia kuuza mali, na abiria asiyehusika na uamuzi wa kubana matumizi ndiye hulipa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa wodini.

Kwa hiyo ukaguzi wa magari, hususan ya abiria na ya wanafunzi, usiishie kwenye taa, vioo na stika. Gurudumu la mbele lifunguliwe na unene wa pedi upimwe na kuandikwa. Nao wasimamizi wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 wazifikie gereji ndogo kama wanavyovifikia viwanda, wakianza na agizo moja lisilo na gharama kubwa: vumbi la breki lifutwe kwa maji, lisipulizwe.