Kabla ya Kuambiwa Ununue Laptopu Ingine

Wasee, hii tabia ya kuambia mtu "mashine imezeeka, tafuta ingine" kabla hata hujafungua mipangilio yake tuiache. Mzazi wa Kiminini ameuza magunia ya mahindi ndio mtoto aende Kibabii na laptopu. Ingine itatoka wapi?

Laptopu nyingi tunazotumia hapa Kitale na Bungoma ni mtumba, zile ex-UK. Chukua HP EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U. Kasi yake ya kawaida ni 2.4 GHz, na ikisukumwa hufika 3.0. Lakini prosesa haikimbii kasi moja siku nzima. Ukiwa unasoma tu inashuka, ukianza kazi nzito inapanda. Kasi kubwa inataka volti zaidi, na volti zikipanda, joto na chaji inayoliwa vinapanda haraka kuliko kasi yenyewe.

Windows ina mipaka ya hiyo kasi, na hapo ndipo watu wengi wamejifunga bila kujua. Mtu alibana betri siku stima ilipotea, akasahau. Ingia Control Panel, kisha Power Options, utafute kiwango cha juu cha prosesa. Kikiwa 50%, hiyo i5 inatambaa karibu na 1.2 GHz, na ukitoa video kwa CapCut utakula ugali umalize bado inahesabu. Hata 99% inakuumiza, kwa sababu kwa kawaida ile kasi ya ziada inazimwa kabisa, unabaki na 2.4. Asilimia moja tu, bana!

Sasa kuna wale wa kuweka hadi kiwango cha chini 100%, ati mashine iwe ya michezo. Laptopu iko juu ya blanketi, feni imejaa vumbi, unategemea nini? Hiyo prosesa mwisho wake ni nyuzi 100, na ikikaribia hapo inajipunguzia kasi yenyewe. Mimi cha chini naacha 5%. Cha juu ni 100% nikiwa kwa stima, na nikiwa kwa betri nashusha kiasi.

Halafu chaja. Dell isipotambua chaja yako hukuandikia ikiwaka, inashusha kasi na kukataa kujaza betri. Watu wanabonyeza kuendelea bila kusoma! Hapo hata ucheze na Power Options mpaka asubuhi hutaona tofauti, tafuta chaja inayotambulika.

Kwa hivyo fundi, kabla utaje bei ya chochote, fungua Task Manager mbele ya mwenye laptopu, mpe kazi nzito, msome ile kasi pamoja. Dakika mbili tu. Ikikwama 1.2, mmeanza kupata jibu na hajalipa kitu. Ikipita 2.4 na bado inavuta miguu, sasa hapo tunaweza kuongea habari ya RAM na SSD.